Namna ya Kuyasahau Maji Bila Kuyasahau

Mwongozo huu unaanzia jikoni. Chukua sukari kilo moja, maji nusu lita na ndimu moja. Bandika sufuria motoni, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, kisha kamulia nusu ya ndimu humo. Hiyo ni shira ya kaimati. Bibi yangu wa Tanga, aliyenifundisha kuipika, alikuwa na sababu moja tu ya kutia ndimu: "Usipotia, mjukuu wangu, kesho utaikuta imerudi mchanga." Alisema kweli. Shira isiyotiwa ndimu ikilala huganda punjepunje, ikakwaruza ulimi. Bibi hakuwahi kuingia darasa la kemia, lakini kila Ramadhani, kabla ya magharibi, alikuwa akiendesha kwenye sufuria mmenyuko uleule ambao mwaka 1850 uliwafundisha wanakemia kupima kasi kwa hesabu.

Kinachotokea ni hiki. Kwa kuchochewa na asidi ya ndimu, molekuli ya sukari, yaani sukrosi, humeza molekuli moja ya maji na kupasuka vipande viwili, glukosi na fruktosi. Vipande hivyo vikichanganyika na sukari iliyobaki huiharibia safu, isiweze kujipanga kuwa fuwele.

Sukari mmoja, maji mmoja. Wahusika wawili. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayefikiri ataandika kwamba kasi ya mmenyuko ni namba thabiti, k, mara ukolezi wa sukari mara ukolezi wa maji. Halafu anafungua kitabu na kukuta kasi ni k mara sukari, basi. Maji yamekwenda wapi? Nimewaona wanafunzi hodari wakikwama hapo wiki nzima. Wengine wanaikariri fomula na kupita bila kukwama, na hao ndio wanaonitia wasiwasi, kwa sababu aliyekwama ameona kwamba kuna mtu hayupo mezani, na aliyepita hakuhesabu hata viti.

Darasani jambo hili huitwa "sudo fasti oda", na wengi hulitamka kama jina la ugonjwa. Mimi nitaliita daraja la kwanza bandia, na nalichagua neno bandia kwa makusudi. Meno bandia yanatafuna nyama sawasawa. Hayamdanganyi anayeyavaa, wala hayaidanganyi nyama. Ila mizizi yake haimo fizini, na siku utakapotaka kumenyea muwa kwa meno hayo ndipo utakumbuka.

Haya, tuyafiche maji. Shira ya bibi ni nzito mno kwa somo la kwanza, kwa hiyo iweke kando, tutairudia. Chukua lita moja ya maji utie gramu 3.42 za sukari, karibu kijiko cha chai kisichojaa. Hizo ni moli 0.01. Maji yenyewe, lita moja, yana moli 55.5 hivi. Gawanya: kila molekuli moja ya sukari imezungukwa na molekuli 5,550 za maji. Hebu fikiria harusi yenye bwana harusi mmoja na wageni 5,550, halafu mgeni mmoja akaondoka na bwana harusi. Mlangoni utakuta bado wamejaa 5,549. Mpishi hatapunguza hata kikombe cha mchele.

Hilo ndilo jambo lote, na ninataka ukae nalo kidogo kabla ya kuendelea. Sukari yote ikiisha, mpaka ya mwisho, maji yatakuwa yamepungua kutoka moli 55.50 hadi 55.49. Sukari imekwenda kutoka kitu hadi sifuri, maji hayakutikisika. Kitu kisichobadilika kikizidishwa na kingine kisichobadilika, jibu nalo halibadiliki. Basi chukua k ya kweli, izidishe na ukolezi wa maji, uzibandike jina jipya, k yenye alama ya mkato juu, ambayo hapa nitaiita k ya bandia. Ukiangalia fomula utaona sukari peke yake. Maji hayakufutwa. Yamekaa ndani ya k ya bandia kama fedha ndani ya mkoba.

Asidi nayo imo mkobani humo humo. Ndimu haimezwi na mmenyuko. Inachochea, inarudi kama ilivyokuja, kwa hiyo ukolezi wake nao hausogei. Ikiwa hujui kwamba asidi imo, utashangaa kwa nini wewe na jirani yako, mliopima sukari ileile kwa joto lilelile, mmepata k tofauti. Yeye alitia nusu ndimu, wewe nzima.

Aliyefungua njia hii, mwaka ule wa 1850, ni Ludwig Wilhelmy, Mjerumani aliyezaliwa Stargard mwaka 1812. Nampenda kwa sababu alichagua mmenyuko ambao ungeweza kupimwa bila kuuvuruga. Sukrosi ikiwa ndani ya maji husokota upande wa kulia ule mwanga uliochujwa ukabaki unatikisika katika bapa moja. Kipimo chake maalumu ni nyuzi 66.5 kulia. Glukosi husokota kulia pia, nyuzi 52.7, lakini fruktosi husokota kushoto kwa nguvu, nyuzi 92. Wawili hawa wakiwa sawa kwa sawa, kushoto hushinda, mchanganyiko ukaangukia karibu nyuzi 20 kushoto. Kwa hiyo mtu akichungulia kwenye polarimita, chombo cha kupima msokoto huo, sukari inapopasuka, anauona mwanga ukitoka kulia, unapita sifuri, unaishia kushoto. Ndiyo maana hata leo bidhaa hiyo huitwa sukari iliyogeuzwa. Wilhelmy hakuhitaji kuchota sampuli wala kusimamisha chochote. Alisoma nyuzi na saa.

Akagundua kwamba sukari inayopotea kila dakika inakwenda kwa uwiano na sukari iliyopo dakika hiyo. Na fomula aliyoandika inafaa kutazamwa kwa makini: aliiandika sukari, akaiandika na asidi kwa herufi yake yenyewe, waziwazi. Maji hakuyaandika. Tangu siku ya kwanza, basi, mmenyuko uliofungua somo hili ulikuwa wa daraja la kwanza bandia. Kazi yake ilikaa zaidi ya miaka 30 bila kuangaliwa, mpaka Wilhelm Ostwald, mzaliwa wa Riga ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909, alipoionyesha kwa wenzake. Na Svante Arrhenius, alipotafuta mwaka 1889 namna joto linavyoongeza kasi ya mimenyuko, alirudi kwenye sukari hiyohiyo inayogeuzwa na asidi. Nikiwaambia wanafunzi kwamba wakuu hawa wote walipita kwenye shira, wananitazama kana kwamba natania. Sitanii.

Sasa faida ya kuficha. Mmenyuko wa daraja la kwanza, yaani ule ambao kasi yake hufuata ukolezi wa mhusika mmoja tu, una tabia moja nzuri mno: nusumaisha yake haibadiliki. Ukianza na sukari nyingi au kidogo, muda wa kufika nusu ni uleule. Kutoka nusu hadi robo ni uleule tena. Kutoka robo hadi thumni, uleule. Unaupata kwa kugawa 0.693 kwa k ya bandia. Mmenyuko wa wahusika wawili wanaopungua pamoja hauna heshima hiyo; kila nusu huchukua muda mrefu kuliko iliyotangulia, na hesabu yake huchosha. Kwa hiyo mwanakemia mwenye wahusika wawili wanaomsumbua humzidisha mmoja makusudi mpaka asitikisike, akabaki na mmoja wa kumwangalia. Njia hii ya kuwatenga inahusishwa na Ostwald, na unaweza kuifanya bila maabara ya maana.

Nenda duka la dawa ununue GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Mle ndani mna rangi ambayo ikikutana na soda kali, yaani hidroksidi ya sodiamu, hupoteza zambarau yake ikawa kama maji matupu. Rangi moja, hidroksidi moja. Yeyusha gramu 1 ya soda katika nusu lita ya maji, upate moli 0.05 kwa lita. Soda hii inaunguza ngozi na kupofua macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na mwalimu awepo. Ukitia matone 10 ya GV ya asilimia 0.5 katika nusu lita hiyo, rangi itakuwa takriban moli 0.000012 kwa lita. Hidroksidi imeizidi zaidi ya mara 4,000. Harusi nyingine yenye umati.

Kama shule yako ina kolorimita, ielekeze kwenye mwanga wa karibu nanomita 590, ambao rangi hii huumeza sana, na usome namba. Kama haina, usiondoke. Tayarisha chupa nne za kioo zinazofanana. Ya kwanza itie nusu lita ya maji safi na matone 10 ya GV. Chota kutoka humo uchanganye na maji kiasi sawa, upate chupa ya nusu ya rangi, chota tena kutoka ile ya nusu, upate robo, kisha thumni. Sasa unayo ngazi ya zambarau iliyopimwa. Tia matone 10 kwenye soda, bonyeza saa, weka karatasi nyeupe nyuma, na uandike saa ambayo rangi inalingana na chupa ya nusu, kisha ya robo, kisha ya thumni. Jicho la mwanadamu lina ujuzi zaidi ya tunavyolisifu, hasa likiwa na kitu cha kulinganisha.

Tuseme umepata sekunde 90, 180 na 270. Vipindi vimelingana: 90, 90, 90. Hapo rangi imekuambia yenyewe kwamba inafuata daraja la kwanza. Ukipenda grafu, weka logi asilia ya rangi dhidi ya muda, utapata mstari mnyoofu unaoteremka, na mteremko wake ndio k ya bandia. Kwa mfano wetu ni 0.693 gawa kwa 90, yaani 0.0077 kwa sekunde.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari, na hapa ndipo ninapowaomba walifungue tena. Umejua habari za rangi. Habari za soda hujazijua, kwa sababu umeizidisha mpaka ikanyamaza. Basi rudia jaribio zima kwa soda nusu gramu badala ya gramu nzima. Bado ni nyingi mno kulinganisha na rangi, bado imenyamaza, lakini sasa imenyamaza katika kiwango kingine. Ikiwa nusumaisha imeruka kutoka sekunde 90 hadi 180, k ya bandia imekatika nusu pamoja na soda, na hiyo ina maana soda nayo ni ya daraja la kwanza. Mkoba umefunguka. Gawa 0.0077 kwa 0.05, unapata 0.154, na hiyo ndiyo k ya kweli, ambayo haijali umetia soda kiasi gani.

Angalia vipimo vya k hizi mbili, maana humo ndimo utakapomtambua bandia hata akivaa kanzu. K ya bandia hupimwa kwa sekunde peke yake: 0.0077 kwa kila sekunde. K ya kweli ya mmenyuko huu hupimwa kwa lita kwa moli kwa sekunde. Yule "lita kwa moli" aliyepotea ndiye mhusika uliyemficha. Mtihani ukikupa namba thabiti ya kasi iliyo kwa sekunde, na mlinganyo una wahusika wawili, uliza mara moja: nani amefichwa, na kwa kiasi gani? Kitabu kinachotoa k ya bandia bila kusema ukolezi wa yule mwingine kimekupa mkoba uliofungwa. Huwezi kuutumia popote isipokuwa kwenye jaribio lilelile.

Na neno daraja lenyewe lisikupoteze. Daraja halisomwi kwenye mlinganyo. Linapimwa, kama ulivyopima kwa chupa nne. Kuhesabu wahusika kwenye karatasi kunakupa swali zuri tu la kwenda nalo maabara.

Sasa tuirudie sufuria ya bibi. Sukari kilo moja ni moli 2.92. Maji nusu lita ni moli 27.8 hivi. Gawanya: 9.5. Si 5,550. Wageni tisa na nusu kwa kila bwana harusi. Wanakemia wengi huona mara 10 kuwa ukingo wa chini kabisa wa kuficha, kwa sababu hapo mmenyuko ukiisha, aliyefichwa amepungua asilimia 10, na kosa la namna hiyo huanza kuonekana kwenye grafu. Shira iko chini ya ukingo huo tangu haijaanza kuchemka. Halafu inachemka: maji yanapaa na mvuke, sukari inazidi kujazana, joto linapanda kadiri shira inavyokolea, na asidi ile ya nusu ndimu inakusanyika kwenye maji yanayopungua. Kila kilichomo mkobani kinasogea. Mtu akikuletea grafu ya logi ya sufuria hiyo na mstari mnyoofu kama rula, mwambie ameuchora kabla ya kupika.

Kupinda kwa mstari si aibu ya mwanafunzi. Ni aliyefichwa anayegonga mlango. Nimewahi kumwona kijana akifuta nukta za mwisho za grafu yake kwa sababu zilikataa kukaa kwenye rula, na zile nukta ndizo zilizokuwa zikimwambia kwamba ametia soda kidogo mno.

Viwanda vya sukari havina anasa ya kufuta nukta. Maji ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa yana asidi yake ya asili, na yakipashwa moto na asidi hiyo, sukari hujigeuza na kupotea kabla ya kuwa fuwele. Kwa hiyo hutiwa chokaa mapema, kuishusha asidi. Wanachofanya ni kuingia ndani ya mkoba na kutoa kitu kimoja ili k ya bandia inywee. Bibi alitia ndimu ili sukari igeuke. Kiwanda kinatia chokaa ili isigeuke. Fomula ni ile ile.

Lakini mahali ambapo napenda kila mtu alijue jambo hili, awe amesoma kemia au la, ni kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mwaka 1908 Harriette Chick, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Lister mjini London, alionyesha kwamba bakteria wanaouawa na dawa hupungua kwa mtindo wa sukari ya Wilhelmy: kila dakika wanakufa kwa kadiri ya waliobaki. Mwaka huohuo Herbert Watson akaonyesha namna ukolezi wa dawa unavyoingia kwenye hesabu. Dawa ikiwa nyingi kuliko inavyoliwa, haitikisiki, na tunaificha mkobani. Bakteria ni bwana harusi, klorini ni umati.

Fanya hesabu hii ya mfano. Ndoo ina bakteria milioni moja. Tuseme klorini uliyotia inafanya nusu yao wafe kila dakika moja na nusu. Ukingoja dakika 30, umewakata nusu mara 20, na anabaki takriban mmoja. Sasa tuseme klorini ni nusu ya hiyo, na k ya bandia nayo ikawa nusu. Nusumaisha inakuwa dakika 3. Umengoja dakika 30 zilezile, umewakata nusu mara 10 tu, na wamebaki karibu elfu moja. Dawa imepungua mara mbili, wadudu waliopona wameongezeka mara elfu. Sijui namba nyingine ya kidato cha sita inayostahili kubandikwa ukutani mwa zahanati kuliko hiyo.

Na klorini hupungua lini? Maji yakiwa na tope. Udongo, majani yaliyooza na uchafu wa kisima huila klorini kabla haijafika kwa bakteria. Umati uliodhani upo mlangoni umekwisha kwenda kula kwingine. Yule uliyemficha kwa sababu hasogei, amesogea, na fomula haitakupigia kelele, kwa maana uliiandika bila yeye. Ndiyo sababu ya maelekezo yanayoonekana kama usumbufu: chuja kwanza kwa kitambaa safi, au acha maji yatuame, yakibaki na ukungu, tia dozi mara mbili. Mama anayefanya hivyo kwenye msimu wa kipindupindu anahakikisha kwamba wingi uliodhaniwa upo kweli.

Kisha funika, ngoja dakika 30, halafu pima. Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya muda huo, na sasa unajua kwa nini kipimo kinafanywa mwishoni: ni kumwita aliyefichwa kwa jina lake, kuona kama alikuwapo muda wote. Ponda kidonge cha kupimia klorini kwenye maji kidogo uliyoyachota. Yakigeuka ya waridi, linganisha na kadi ya rangi, na ikifika 0.5 mpe mtoto kikombe. Yakibaki vilevile, ongeza dawa kwenye ndoo, rudisha saa kwenye sifuri, na uanze kuhesabu dakika upya.